Darubini ya Joto ya Kutafutia Nguruwe Pori Usiku: Usinunue Mita za Kwenye Boksi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tunachambua darubini ya joto ya mkononi, ile ya jicho moja inayoona joto la vitu badala ya mwanga, kwa kazi moja tu: kuwatafuta nguruwe pori usiku hapa Texas. Maswali mnayonitumia karibu yote yanafanana. "Kaka, hii imeandikwa mita 1,300, ile 1,800, na bei zinakaribiana. Si bora nichukue ya 1,800?" Usikimbilie. Hiyo namba ya kwenye boksi, umbali ambao kampuni inasema utaona joto la kitu, ndiyo inayowapotezea watu fedha, kwa hiyo tuanze nayo.

Chukua darubini ya kawaida kabisa sokoni siku hizi: kihisi cha pikseli 384 kwa 288, yaani vitone vidogo vinavyojenga picha, kila pikseli ina upana wa mikroni 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na lenzi ya milimita 35. Kwa vipimo hivyo, pikseli moja inafunika sentimita 10 hivi za kitu kilichoko mita 300 kutoka ulipo. Kikiwa mita 1,800, pikseli hiyohiyo inafunika zaidi ya sentimita 60. Haya, nguruwe dume mkubwa, tuseme ana sentimita 75 kutoka ardhini mpaka begani. Kwa mita 1,800 kimo chake chote ni pikseli moja na kidogo. Kitone cheupe! Anaweza kuwa nguruwe, ndama, mbwa wa jirani, au mtu aliyechuchumaa. Kampuni haijakudanganya, maana joto umeliona kweli. Lakini hujajua ni joto la nani.

Kuna kipimo cha zamani kinachotumika mpaka leo. Mwaka 1958 John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, alionyesha picha inahitaji uchambuzi, yaani ukali wa kutenganisha vitu vidogo, wa kiasi gani ili mtu agundue kuna kitu, kisha atambue ni cha aina gani, kisha awe na hakika nacho. Tukikileta kipimo hicho kwenye pikseli za leo, kugundua kunataka kama 2 tu kwenye upande mfupi wa kitu, kutambua aina kama 8, kuwa na hakika 12 au 13. Sasa turudi kwa dume letu. Mita 300 linakupa pikseli 7. Mita 150 linakupa 14 hivi. Kwa hiyo darubini iliyoandikwa 1,800, kwangu mimi ni darubini ya mita 150. Ndani ya hapo najua ninachokitazama. Nje ya hapo nasogea karibu, au naacha.

Nashikilia sana jambo hili, na sababu ni hii. Nguruwe pori Texas ni zaidi ya milioni 2, wanalima mashamba ya watu usiku kucha kwa pua zao, na sheria imelegezwa kwa ajili yao: tangu Septemba 2019, kwenye ardhi ya mtu binafsi na kwa ruhusa ya mwenyewe, huhitaji hata leseni ya uwindaji. Usiku ruksa. Lakini kulungu wa huku, yule wa mkia mweupe, saa zake zinaisha nusu saa baada ya jua kuzama. Ukimpiga saa nne za usiku ukidhani ni nguruwe, umevunja sheria, na darubini yako ya bei mbaya haitakutetea.

Tazameni kipande hiki. Pembeni mwa shamba la mahindi lililovunwa kuna maumbo manne meupe, yote yameinamisha vichwa yanakula. Ukitazama haraka utasema nguruwe, kundi dogo. Subiri... subiri... Hapo! Mmoja kainua kichwa. Umeona shingo? Ndefu, masikio yametoka pembeni, miguu myembamba chini ya tumbo. Hao ni kulungu wanne. Nguruwe hana shingo: kichwa kimeungana na mabega, mwili mzito mbele na mwembamba nyuma, miguu mifupi. Mara nyingi mabega yake yanaonekana yamefifia kuliko tumbo, kwa sababu ya tope lililokauka juu ya manyoya. Dalili hizo ndizo unazolipia, na kwenye pikseli 5 hazipo.

Na ndiyo maana nasema ya mkononi ije kwanza, kabla hujawaza kununua darubini ya kufunga kwenye bunduki. Mtu mwenye ya bunduki peke yake anatafuta wanyama kwa mtutu. Anaupitisha juu ya ng'ombe, juu ya nyumba ya mwenye shamba, juu ya mwenzake aliyekaa kwenye gari. Mimi siwindi na mtu wa namna hiyo.

Sasa lenzi, na hapa nitakaa kidogo. Kampuni ya Zeiss walitoa darubini mbili zenye kihisi kilekile cha 384 na mikroni 12: DTI 3/35 yenye lenzi ya milimita 35, na DTI 3/25 yenye lenzi ya milimita 25. Wengi wanachukua ya 35 kwa sababu inavuta zaidi. Ukiwa mita 100, ya 35 inakuonyesha uwanja wa mita 13 kwa upana, ya 25 inakuonyesha mita 18. Ukiwa mashariki mwa Texas, kwenye misonobari, ambako nguruwe anatokea mita 50 mbele yako, ya 35 inakupa mita 6 na nusu tu. Kundi la nguruwe 15 haliingii humo. Utaona watatu, utafurahi, kumbe wengine wako upande wa kushoto na wameshakunusa. Na ule ukuzaji wa kuanzia huwezi kuupunguza. Umefungwa na lenzi. Kuongeza unaweza, lakini ukuzaji wa kidijitali unatanua pikseli zilezile, hakuna kipya unachokiona.

Kwa msitu na vichaka nachukua milimita 25, hata 19. Kwa nchi tambarare ya kaskazini na magharibi, unakoweza kuona mpaka uchoke, hapo 35 ina haki yake.

Na sasa mtaielewa ile 1,300 dhidi ya 1,800. Axion 2 XQ35 ya kampuni ya Pulsar, ambayo ndiyo ya 1,300, ni ya 384 na lenzi ya 35 pia, lakini pikseli zake ni za mikroni 17. Pikseli kubwa, kihisi kikubwa, kwa hiyo mita 100 unapata uwanja wa karibu mita 19 badala ya 13. Umbali unapungua, upana unaongezeka. Kwa kutafuta, mimi naupenda ule upana. Jicho linachoka kutazama dunia kupitia bomba jembamba usiku mzima.

Vipi kuhusu kihisi chenye pikseli 640 kwa upana? Wengi wanadhani 640 inaona mbali zaidi. Kwa lenzi ileile ya 35 na mikroni zilezile 12, nguruwe wa mita 300 anapata pikseli zilezile 7, hata moja haiongezeki. Unachopata ni uwanja: mita 22 badala ya 13. Uzuri wake unakuja ukiweka lenzi ya 50 kwenye kihisi cha 640, maana hapo unapata uchambuzi mkali zaidi na bado uwanja ni mita 15. Ni kitu kizuri mno, kama fedha ipo. Kama haipo, 384 nzuri inakutosha, wala usijisikie mnyonge. Zile za 256 mimi nazikubali kwa mtu anayelinda banda la kuku nyuma ya nyumba. Kwa kuwinda, hapana.

Kuna namba nyingine imefichwa chini ya karatasi, NETD, inayopimwa kwa milikelvini, yaani sehemu za elfu za digrii moja. Ni tofauti ndogo kabisa ya joto ambayo kihisi kinaweza kuitenganisha, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo bora. Mkazi wa Houston na pwani yote ile aitazame hii kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mvuke wa maji hewani unakula joto kabla halijakufikia, na baada ya mvua majani, udongo na magogo vyote vinakaribia joto moja. Darubini ya milikelvini 40 usiku wa namna hiyo inakupa ukungu wa kijivu. Ya 25 kushuka chini bado inakuchorea matawi, vigogo na mstari wa ardhi, na unajua mnyama kasimama wapi. Ila msishindanishe 20 ya kampuni hii na 18 ya kampuni ile. Hawapimi kwa masharti yaleyale.

Kipima umbali cha leza kikiwa ndani, lipia. Picha ya joto haina kina. Nguruwe mdogo wa mita 80 na jike kubwa la mita 200 wanalingana kwenye skrini, na usiku huna mti wala uzio wa kulinganishia. Betri iwe ya kubadilisha. Picha kwa sekunde ziwe 50. Ule mlio mdogo wa "tik" mtakaousikia picha ikiganda kidogo ni kifaa kinajirekebisha. Tafuta yenye uwezo wa kukuachia wewe uamue lini, maana nguruwe wa mita 40 anausikia.

Ndugu zangu mnaotaka kuwapelekea watu nyumbani, naomba mnisikie vizuri. Kutoa kifaa hiki Marekani kunasimamiwa na sheria ya usafirishaji nje, na zinazozidi picha 9 kwa sekunde zinahitaji kibali kwa nchi nyingi. Usimfungashie mjomba kwenye sanduku. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tanzania unataka leseni, na kuwinda usiku kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Teknolojia hii kule Maasai Mara iko mikononi mwa askari wa wanyamapori wanaowasaka majangili gizani, kwa hiyo ukiingia nayo porini bila kibali, jua utakavyoonekana.

Ukienda dukani, usijaribu kutazama nje kupitia dirisha. Tazama hapa, naweka kiganja nyuma ya kioo... kimepotea. Kioo cha kawaida hakipitishi mawimbi haya, ndiyo maana lenzi zenyewe zinatengenezwa kwa jerimaniamu, na ndiyo sababu mojawapo ya bei kuwa juu. Mwombe muuzaji mtoke nje. Angalia mti wa mbali kama majani yanatengana au yamekuwa bonge moja. Halafu rudini ndani, bandika kiganja mezani, hesabu mpaka tano, ondoa, na utazame alama ya vidole inavyofifia. Fanya hivyo kwa darubini mbili kwa zamu, meza ileile. Ile ambayo alama inadumu ndani yake kwa muda mrefu zaidi ndiyo yenye kihisi makini, haidhuru karatasi imeandika nini. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, maduka yapo mengi.