Tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa maumivu ya kisigino: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nimefundisha sekondari kwa miaka 19, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeipitisha nikiwa nimesimama juu ya sakafu ya saruji. Kisigino cha mguu wa kulia kilipoanza kuniuma nilidhani ni uchovu, lakini miezi 14 baadaye nilikuwa bado naamka nikiiogopa safari ya kutoka kitandani hadi mlangoni, kwa sababu hatua za kwanza zilichoma kama msumari, kisha maumivu yakatulia mchana na kurejea jioni niliposhuka daladala pale Sabasaba.

Dawa za kutuliza maumivu zilinisaidia kwa saa chache, na sindano moja ya steroidi kwa wiki sita. Ya pili niliikataa, kwa kuwa sindano hizo zikirudiwa huweza kudhoofisha utando mgumu wa unyayo hata ukachanika, na kupunguza mafuta yanayokinga kisigino.

Kituo cha kwanza nilichokiendea kwa tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopiga mapigo ya haraka juu ya kisigino, sitakitaja jina. Walitazama eksirei yangu, wakanionyesha mwiba mdogo wa mfupa, wakasema mashine ingeusaga, na wakataka nilipe vipindi kumi kwa mkupuo. Niliondoka. Mwiba wa namna hiyo wanao watu wengi ambao hawaumwi chochote, na mashine hii haisagi mfupa. Ni kweli kwamba mawimbi haya yalianza kutumika kwa wagonjwa kupasua mawe ya figo, mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani, lakini kwenye kisigino lengo ni kuichokoza tishu iliyoumia muda mrefu ili ianze tena kujijenga, na kupunguza ukali wa mishipa ya fahamu ya mahali hapo. Inanisikitisha kwamba mgonjwa mwenye maumivu anauziwa maelezo yasiyo sahihi.

Kituo cha pili nilimkuta binti mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye kabla ya kugusa mashine aliniuliza kuhusu ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama nina ganzi miguuni. Nililala kifudifudi, mguu ukining'inia nje ya kitanda. Alibonyeza kwa kidole gumba, polepole, hadi alipofika upande wa ndani wa kisigino nikashtuka. Hapo akaweka alama ya kalamu na kupaka jeli. Ndani ya mkono wa mashine, hewa iliyobanwa hurusha kipande kidogo cha chuma kinachogonga kichwa kinachogusa ngozi, mara nane kwa sekunde. Alianza na nguvu ndogo, akaiongeza kidogo kidogo. Hakutumia ganzi, kwa kuwa maumivu yenyewe ndiyo yanayoonyesha pa kulenga.

“Mwalimu, usininyamazie,” alisema. “Niambie panapouma zaidi.”

Mapigo 2,000 yalikwisha kabla ya dakika tano. Alinikataza diklofenaki na ibuprofeni katika kipindi chote cha matibabu, kwa sababu dawa hizo huzima mwitikio uleule ambao tiba inajaribu kuuamsha, akaniruhusu parasetamoli. Vipindi vilikuwa vitatu, kimoja kwa wiki, shilingi 40,000 kila kimoja, na bima yangu haikuchangia hata senti.

Baada ya kipindi cha pili nilichechemea siku mbili. Baada ya cha tatu sikuona tofauti yoyote, na nilikiri kwa mume wangu kwamba fedha imepotea. Katika wiki ya saba, asubuhi moja, nilikuwa nimekwisha kubandika chai jikoni ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimeshika ukuta. Kufikia wiki ya 12 maumivu ya asubuhi yalikuwa yamebaki kidogo sana.

Sidhani kama mashine peke yake ingenifikisha hapo. Kila siku nilivuta vidole vya mguu kwa mkono kabla ya kushuka kitandani, na jioni nilisimama kwenye ngazi ya mlango, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya vidole, nikishusha kisigino taratibu. Mwalimu mwenzangu mwenye maumivu ya kano ya nyuma ya kisigino alipata vipindi vilevile akayaacha mazoezi, na nafuu yake imekuwa ndogo.

Sasa nasimama darasani vipindi vinne mfululizo. Kandambili nyembamba bado sizivai, na ile ngazi ya mlangoni naipanda kila jioni.