TAHADHARI: hawa wa "dawa ya kutibu presha moja kwa moja" wanaumiza wazee wetu

Wadau naomba mpitishe hii kwenye magrupu ya familia, hasa yenye wazee. Kuna jamaa wanajitangaza Instagram na WhatsApp, eti wana mitishamba inayomaliza presha kabisa, hapa Dar wanakuletea na boda, mikoani wanatuma kwa basi. Jina la peji wanabadilisha kila wakiumbuliwa so sihangaiki kulitaja, mtawajua kwa mtindo wao.

Mama mdogo kauziwa dozi ya 85,000, kalipa kwenye namba ya mtu binafsi, risiti hakuna. Kopo halina namba ya bechi, halina tarehe ya kuisha, aliyetengeneza hajulikani, ni stika ya jani tu. Ingekuwa hela peke yake tungesema imeenda, ila walimwambia aache vidonge vyake vya presha vya kliniki, amlodipine na atenolol, eti "zinagombana na dawa asili", na kweli kaacha zote siku hiyohiyo.

Sasa cheki ujanja ulipo. Amlodipine haitoki mwilini haraka, hata ukiacha inaendelea kufanya kazi siku kadhaa, kwa hiyo mwanzoni ukipima unakuta presha iko poa na wao ndo wanabeba sifa, tena wanakuomba video ya kipimo wakairushe stetasi! Ikianza kupanda, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, ukiwapigia wanakwambia hiyo ni sumu inatoka, nunua dozi ya pili. Na atenolol ndo kabisa haikatwi ghafla, daktari anaipunguza taratibu, ukiikata tu moyo unaweza kuleta balaa hasa kwa mwenye shida ya moyo tayari. Mama mdogo tulimkuta 190 kwa 110, akalazwa. Saa hizi anaendelea vizuri, karudi kwenye vidonge vyake.

Kabla hamjanishukia, sipingi mitishamba. Tiba asili ina baraza lake na dawa zinasajiliwa, we muombe tu muuzaji namba ya usajili uone atakavyokubloku.

Kama mzee wako ameshanunua usitupe kopo, mwahishe kliniki apimwe na kopo aende nalo ili daktari ajue kala nini, asirudishe vidonge kwa kukisia. Meseji na muamala usifute, TMDA (mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba) wana ofisi za kanda, wapelekeeni vyote pamoja na hilo kopo.