Matibabu ya uti wa mgongo: daftari la kliniki au rejista ya taifa?

Ukitaka kufuatilia hali ya wagonjwa baada ya matibabu, kwa gharama daftari linashinda: kalamu na rula, basi, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Lakini mgonjwa wa Micheweni aliyepasuliwa mgongo mjini Unguja akishapanda boti kurudi Pemba, jina lake linabaki kwenye ukurasa wenye doa la chai, na hakuna anayemuuliza tena kama anaweza kuinama.

Hapo rejista ina nguvu. Swespine, rejista ya taifa ya Sweden ya upasuaji wa mgongo, huwauliza wagonjwa baada ya mwaka 1, 2 na 5: maumivu kiasi gani, unatembea umbali gani? Ila kwetu rejista inadai mtu wa kupiga simu, na watu hubadilisha laini. Chukua na namba ya jirani.

Kliniki yenye muuguzi mmoja ianze na daftari, maswali yaleyale kwa kila mgonjwa. Mnaopasua Unguja wagonjwa wa Pemba, daftari haliwatoshi.