Lenzi ya kubana kwenye simu: 25,000 yangu imeenda wapi

Mimi ni fundi cherehani, Chang'ombe hapa Dodoma. Kutwa nzima maua yanapita mikononi mwangu: ya vitenge, ya khanga, ya mapazia. Ya kweli nilikuwa siyatazami. Mwaka jana mteja akaniletea kitawi cha bogenvilia, anataka nimtarizie hilohilo kwenye kola. Nikalipiga picha kwa simu kabla halijanyauka. Jioni kulikuza, naona zambarau tupu iliyovurugika. Ndiyo nikaenda mjini kutafuta lenzi.

Yenyewe ni kidude kama kifuniko cha soda, kimekaa kwenye kibanio mfano wa kile cha kuanikia nguo. Boksi limeandikwa inakuza mara 15. Muuzaji alianza na 35,000, tukaachana kwenye 25,000, akaniapia, "Dada, hii inaona hadi roho ya mdudu."

Wiki ya kwanza nilijuta. Kila picha ukungu. Hakuna aliyeniambia kwamba lenzi hii haioni kitu mpaka uisogeze karibu kabisa, kama upana wa vidole viwili hivi. Ukizidi kidogo, ukungu. Ukipungua kidogo, ukungu. Halafu simu yangu ina kamera tatu mgongoni, na mimi nilikuwa nimebana kwenye ile isiyofanya kazi. Njia ya kuijua inayofanya kazi ni rahisi: fungua kamera, ziba tundu mojamoja kwa kidole, lile linalotia giza kwenye kioo ndilo lenyewe. Simu nyingine ukisogea karibu inahamia kamera nyingine bila kukuuliza, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uizuie.

Adui mkubwa lakini ni upepo, na wa Dodoma mnaujua. Kiangazi ikifika saa nne asubuhi hakuna ua linalotulia. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu, kabla sijafungua kibanda. Nachomeka kijiti ardhini, nafunga shina kwa uzi, naegemeza viwiko kwenye magoti, nabana pumzi. Upande wa kivuli naweka kipande cha kitambaa cheupe cha bitana ili mwanga urudi kwenye ua. Jirani yangu, bibi wa Kigogo, alinikuta nimechuchumaa hivyo njiani. "Mbukwa! Umedondosha sindano, mwanangu?"

Nilikuwa napiga mbigiri. Ndiyo, huohuo unaotoboa matairi ya baiskeli na kandambili za watoto. Mvua ikishanyesha unatambaa uwanja mzima, na kiua chake cha njano nimekikanyaga miaka yote. Kwenye lenzi kina petali tano zinazong'aa kama satini, katikati vijiti kumi vya chavua, na kwenye majani kuna vinyweleo vya fedha ambavyo kwa macho matupu sikuwahi kuviona. Siku hiyo nililipwa nusu ya hela yangu.

Nusu ya pili ililipwa na bogenvilia. Ile zambarau ninayoitarizi siku zote kumbe si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vimirija vitatu vya katikati, kila kimoja kimeshikana na jani lake, na kikifunguka kinatoa kinyota cheupe. Nilikuwa nimekosea kola ya mteja. Nikaifumua.

Kwa ua kubwa lenzi hii haina kazi. Ua la mbuyu, linalofunguka jioni na kesho yake liko chini, nilijaribu nikaishia kupata kipande cha kitu cheupe kama shuka. Simu tupu inatosha. Pembeni mwa picha pia panapinda, basi acha nafasi kuzunguka ua, kisha ukate.

Kioo cha lenzi sina ugomvi nacho. Vumbi nalitoa kwa brashi ndogo ya kusafishia cherehani kabla ya kufuta, maana ukianza na kitambaa unakikwaruza. Ugomvi wangu ni kibanio. Mwezi wa tatu tangu niinunue, kile kimpira cha ndani kilibanduka, chuma kikachora mgongo wa simu yangu. Nikarudi dukani, nikaambiwa mali ikishatoka haina dhamana. Nimekizungushia lastiki ya sketi na kuishona kwa mkono, na sasa kinashika kuliko kilivyokuwa kipya.

Ningeinunua tena? Ningeinunua, ila si kwa bei hiyo na kibanio hicho. 15,000 ingekuwa haki. Ukienda, nenda na simu yako na sarafu ya shilingi mia mbili. Bana lenzi palepale kaunta, piga sarafu. Maandishi yakisomeka vizuri katikati, na kibanio kisiteleze ukiitikisa simu, lipa.