Pesa za mtoto wa runinga: azishike mzazi au zifungiwe benki?

Mtoto akianza kulipwa kwa kuigiza, mzazi wa Dodoma ana njia mbili: azishike hizo pesa mwenyewe, au azifungie benki kwa jina la mtoto.

Kuzishika kuna sababu zake. Mama anayepanga mafungu ya mlenda mkavu soko la Majengo ndiye anayelipa nauli ya SGR kwenda Dar kurekodi, ndiye anayefunga biashara siku hiyo. Akichukua chake, nani amlaumu? Tatizo ni pale chake na cha mtoto vinapochanganyika. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alikua akakuta mama yake mzazi na baba wa kambo wameshatafuna mamilioni. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000. Gary Coleman, kipenzi cha runinga za Marekani, naye aliwashtaki wazazi na kushinda mwaka 1993. Hata hivyo miaka ya mwisho ya tisini alikuwa mlinzi, na mwaka 1999 akatangaza kufilisika. (Kesi haikurudisha undugu pia.)

Benki? Sheria ya California iliyotokana na Coogan sasa hutenga asilimia 15, haiguswi hadi mtoto afike miaka 18. Huku kwetu akaunti za watoto zipo, ila mtia saini ni mzazi yuleyule, kwa hiyo kufuli unalo wewe. Mimi ningechagua benki, akaunti ya muda maalumu, baada ya kutoa nauli na ada. Na risiti zote ningetunza.