Eksteno mbili au NAS? Nilivyochagua hapa Dodoma baada ya kupigwa

Swali langu lilikuwa kopi za mafaili ya nyumbani niziweke wapi: kwenye eksteno mbili, yaani diski za nje za kuchomeka kwa waya, au kwenye NAS, boksi la diski linalokaa kwenye mtandao wa nyumbani? Naanza na kupigwa kwangu maana ndiko kulikonipeleka huku kote. Mwaka jana nilinunua "SSD" (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya 2TB kwa jamaa mmoja wa mezani jirani na soko la Majengo, elfu arobaini tu, nikajiona mjanja kweli. Kidude chepesi kama kiberiti. Ukichomeka kompyuta inakwambia 2TB bila aibu, basi nikamwagia humo picha za watoto, harusi ya mdogo wangu na tasnifu ya mama watoto ya UDOM, zikaingia zote fresh, siku nakuja kufungua nusu hazifunguki. Fundi alipokipasua tukakuta kikadi cha memori kama cha simu kimebandikwa na gundi! Kumbe hivi vitu vinachezewa vidanganye ukubwa, nafasi yake halisi ikiisha kinaandika juu ya vya zamani. Bahati laptopu ilikuwa nzima.

Nikasema sasa nanunua kitu cha maana. Shemeji yangu wa Kisasa ana NAS ya Synology ya diski mbili, akaniazima wiki mbili. Aisee ni tamu, sikatai. Laptopu zote za nyumbani na simu zinajikopi zenyewe kupitia wifi wewe umelala. Ila umeme ukikatika ghafla inaandika, roho inaruka, kwa hiyo bila UPS, lile betri la kushikilia umeme, usijaribu. Tena lile boksi linauzwa tupu, diski (IronWolf au WD Red) unanunua mwenyewe, hapo ndo wengi wanashtukia bei. Na kitu watu hawaelewi: diski mbili za humo kuwa pacha, kila moja ikibeba kilekile, kunakusaidia moja ikifa tu, ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kote saa ileile. Mwizi naye habebi diski moja, anabeba boksi zima. Sijagusa bado vumbi letu la mwezi wa nane na ile feni yake ndogo.

Nikarudisha. Nikanunua WD Elements za 2TB mbili kwenye duka la kompyuta mjini, hela ya boksi tupu imetosha zote mbili na chenji ikabaki. Muuzaji alikubali nizipime nyumbani kwanza, nikaziendeshea H2testw, kiprogramu cha bure kinachojaza diski mpaka pomoni halafu kinasoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa 2TB ni usiku kucha na asubuhi juu, diski moja tu hiyo. Kabla ya hapo nilishampigia simu kwa hasira maana Windows ilionyesha 1.81TB, nikajua nimepigwa tena, kumbe ndo ilivyo, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Nilimwomba radhi.

Kwa kasi, nilichomeka tundu jeusi la USB la zamani (USB 2.0) ikawa inasuasua kwenye MB 35 kwa sekunde, nikahamia la bluu (USB 3.0) ikapanda mpaka 110 hivi. Kwenye mafaili madogo madogo inashuka, hiyo ni kawaida ya diski inayozunguka. SSD ya kweli ingekimbia zaidi na isingeogopa kudondoka, ila mimi nakopi mara moja kwa wiki, haraka ya nini?

Hii Elements haina sehemu ya kuweka nenosiri, ukitaka hilo tafuta My Passport ya haohao WD. Waya ni mfupi, laptopu ikiwa juu ya meza ndefu diski inaning'inia, usifanye hivyo. Na usiitikise ikiwa inazunguka, kuna mtoto nyumbani kwangu keshafundishwa hilo kwa ukali.

Moja iko kabatini hapa Ilazo, File History, ile huduma ya Windows ya kukopi mafaili yenyewe, inafanya kazi yake nikiichomeka. Nyingine iko Kondoa kwa bibi, kwenye kabati la vyombo, nimeifunga mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi, kila nikienda kumsalimia naenda na mwenzake tunabadilishana. Bibi kila safari ananiuliza hicho kiredio kitaanza kuimba lini.