TAHADHARI: Anayepita majumbani na "filta za HEPA" za AC

Wakazi wenzangu wa Dar, hasa wa nyumba za kupanga zenye AC za ukutani, kuna kijana anapita na hizi filta, anazodai ni HEPA, yaani filta nzito za kunasa vumbi laini sana. Mimi nimeshaingizwa mjini, tena nikiwa sebuleni kwangu.

Ni nadhifu, fulana ina nembo, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Anasema anakagua hewa ya nyumbani bure. Anafungua kifuniko cha AC, anachomoa wavu, anaumulika kwa tochi ya simu. Ulikuwa na vumbi, sikatai, miezi mitatu sikuwa nimeuosha. Aibu ile ndiyo mtaji wake. Halafu akauliza kama kuna mtoto mwenye pumu. Yupo. Hapo nikawa nimekwisha.

Akatoa poda ya mtoto, akanyunyiza juu ya wavu, ikapita yote. Akanyunyiza juu ya kipande chake cheupe, kinene kama blanketi la kichanga, haikupita hata chembe. "Mama, hii ni HEPA, inazuia asilimia 99.97." Na ubaya wake ni kwamba namba yenyewe ni ya kweli: HEPA halisi hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe ndogo mno, za mikroni 0.3. Sikujiuliza hewa itapita wapi. Feni ya ndani ya split, yaani hii AC ya ukutani, haina nguvu ya kuvuta hewa kwenye kitambaa kizito, imetengenezwa kwa ajili ya ule wavu mwepesi tu. Kipande chake kama kweli ni HEPA, AC inakabwa. Kama si HEPA, nimenunua kitambaa. Kwa vyovyote nimepigwa.

Shilingi 45,000 kwa jozi, na kila mwezi nibadilishe. Nyavu zangu za zamani akaondoka nazo, ati akanisaidie kuzitupa. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela, nitalirudia.

Wiki ya pili baridi ikapungua. Nikashusha rimoti hadi 18, chumba hakipoi, kompresa haipumziki, uniti za LUKU zinayeyuka. Kisha asubuhi moja maji yakawa yanachuruzika juu ya kabati la nguo. Nikafungua kifuniko: barafu tupu! Nikampigia yeye yule yule (msinicheke). Jibu lake: gesi imeisha, 80,000.

Jamani, gesi ya AC si ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haiishi kwa kutumika. Ikipungua maana yake inavuja, na fundi wa kweli anatafuta kwanza panapovuja. Barafu inaweza kuja kwa sababu ya gesi kupungua, lakini pia huja hewa inapozibwa isifike kwenye mapezi yale ya baridi (vibati vyembamba vilivyo nyuma ya wavu), na kuangalia hewa ni bure. Ukiongezewa gesi juu ya gesi iliyotosha, unaiumiza kompresa, na bei ya kompresa mnaijua.

Shemeji ndiye aliyeleta fundi mwingine. Alichomoa vile vitambaa viwili, akasubiri barafu iyeyuke, akawasha. Baridi ikarudi. Gesi hakugusa.

Sasa nyavu. Kwa AC ya ukutani filta sahihi ni ile iliyokuja nayo, na inaoshwa, hainunuliwi kila mwezi. Maji ya bomba, sabuni kidogo ikiwa na mafuta ya jikoni, ukaushe kivulini maana jua linakunja plastiki. Kila wiki mbili inatosha kwa wengi. Mwenye nyumba kando ya barabara ya vumbi ataosha mapema zaidi. Vile vijiti vidogo vya mkaa vinavyopachikwa juu ya wavu kwenye baadhi ya modeli havina shida, vinafunika sehemu ndogo tu. Mimi yangu ilishabebwa, kwa hiyo nilikwenda Kariakoo mara mbili kutafuta nyingine. Mara ya kwanza nilitaja "BTU 12,000", yaani nguvu ya AC yangu, nikadhani inatosha. Haitoshi! Piga picha stika yenye namba ya modeli iliyo ubavuni mwa AC, na pima urefu na upana wa nafasi ya wavu. Usikubali wavu wako utoke nje ya mlango, hata uwe umechanika.

Kwenye boksi lake aliandika pia "MERV 16". Hicho ni kipimo cha Marekani cha uwezo wa filta kunasa vumbi, ngazi 1 hadi 16, na kina maana kwa wenye AC kubwa za mabomba ya darini zenye fremu ya kubadilisha filta. Hata hao huangalia kwanza mashine yao inahimili ngazi gani.

Na kwa mtoto mwenye pumu, kama uwezo upo, HEPA inakaa kwenye mashine yake ya kusafisha hewa, ile ya kusimama sakafuni yenye feni yake. Mimi bado sijanunua, nasubiri mshahara.

Wenye vitambaa hivyo sasa hivi, vitoeni leo. Ukikuta barafu, zima ubaridi, acha feni peke yake hadi iyeyuke, weka beseni chini. Msichokoe na kisu, mapezi na mabomba ya mle ni laini. Mimi nilichokoa na mwiko, msiniige.